Bia ya Kipupwe

Tangu aliposhuka melini akitokea Mahajanga, Brigadia Soudjay, askari polisi wa cheo kidogo, hakukutana na mtu hata mmoja wa kisiwa cha Nosy Be asiyekuwa na hofu. Mpagazi aliyembebea sanduku alilitua njiani kabla ya kufika nyumba ya marehemu Gaudry, akamwambia mzigo uliobaki auchukue mwenyewe. Mpishi wa nyumba ile alikuwa amemwaga maji ya mitungi yote na kuchota mengine. Wanawake wa Ambatoloaka, waliozoea kuleta samaki hadi mlango wa jikoni, siku hiyo waliita kutoka barabarani na hawakukanyaga uani. Mtu akifa kwa sumu, majirani wote huanza kuvitazama vijiko vyao kwa jicho baya.

Na Soudjay mwenyewe, tusimsitiri, alikuwa na hofu yake. Kamishna, Mfaransa mwenye shingo nyekundu na subira fupi, hakuwa amemwita kutoka Mahajanga aje kupeleleza. Alimwita kwa sababu ya ndimi zake, Kifaransa, Kibuki cha Madagaska na Kingazija, ili achukue ungamo.

"Mtu wangu ninaye," Kamishna alimwambia gatini. "Meli inarudi Mahajanga kesho asubuhi, naye atakuwemo. Akikiri, vizuri. Asipokiri, mahakama itamuua vilevile. Wewe mfanye aseme tu."

Mtu mwenyewe aliitwa Boinali, mtumishi wa meza katika nyumba ile. Baba yake Mngazija, mama yake Msakalava. Mkewe Zalifa alikuwa binti wa Mangarivotra, mtaa wa Mahajanga alimozaliwa Soudjay, na alikuwa amesimama nje ya lango tangu asubuhi, buibui limejaa vumbi, hasemi na mtu. Soudjay alipopita alimtolea salamu. Zalifa aliitikia, kisha akamshika mkono wa kanzu kwa nguvu kama mtu anayezama.  Soudjay aliingia ndani.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bwana Gaudry alikuwa na mashamba ya langilangi na kiwanda cha kukamua mafuta ya maua yake. Miaka mingi nyuma nahodha mmoja Mwingereza alimpa kasha la bia ya kwao, bia nzito ya shayiri, kali karibu na mvinyo, ambayo watu wa Ulaya huinywa wakati wa kipupwe moto ukiwaka pembeni. Kipupwe Nosy Be kitatoka wapi? Lakini mzungu akishikwa na hamu ya kwao hashikiki. Kila ilipokaribia Noeli, katika joto lile la kuchemsha ubongo, Gaudry alifunga madirisha, akatundika mashuka yaliyoloweshwa, akajifanya yuko kwao, akafungua chupa moja.

Na kuionja kulikuwa na sheria zake. Mwenye nyumba huonja kwanza, peke yake. Huitazama rangi, huinusa, hunywa kidogo, kisha huikumbatia bilauri kwa viganja mpaka bia ipate joto na harufu yake ifunguke, hunywa tena. Wageni hungoja hukumu yake bilauri zao zikiwa tupu. Siku ile Gaudry alisema, "Mwaka huu ina uchungu." Akaendelea kunywa polepole, akitafuta neno la kuuelezea uchungu huo, mpaka akaimaliza. Kabla hajatoa hukumu alianza kutapika. Moyo ukalegea. Alfajiri alikuwa maiti. Daktari alisema ni tangena, mbegu ya mti ambao wafalme wa zamani wa Bukini waliwanywesha watuhumiwa ili kuwapima.

Waliokuwapo ni watatu: mkewe, Madamu Odile, Bwana Vasseur, msimamizi wa mitambo ya kiwanda, na Boinali aliyemimina. Bilauri ya marehemu ilivunjika alipoanguka, vipande vikafagiliwa na kutupwa. Chupa ilibaki karibu imejaa. Kamishna aliipiga muhuri wa lakiri nyekundu na kukataza mtu yeyote kuigusa mpaka ipelekwe kwa wapimaji wa Tananarive. Majibu yangerudi Boinali akiwa amekwisha kuzikwa.

Soudjay alimkuta stoo, amekaa juu ya gunia la mchele, pingu mikononi. Stoo ilinuka vanila na mafuta ya taa.

"Shemeji," alianza, kwa Kibuki chenye maneno ya Kingazija ndani yake, kama wanavyosema watu wa bandari. Aliyeoa Mangarivotra ni shemeji, hata kama ana pingu. "Chupa uliifungulia humu. Madamu alimwambia Kamishna kwamba alisikia ukitia komeo. Kwa nini ulijifungia?"

"Upepo, Bwana Brigadia."

"Wanasema siku ile hata jani halikutikisika."

"Basi nzi. Nzi walikuwa wengi."

"Upepo umegeuka nzi. Tukikaa hapa mpaka jioni watakuwa mamba. Ulifanya nini nyuma ya mlango?"

Boinali alitazama magoti yake. Meno yalikuwa yakigongana, na joto lile! "Niandikie kwamba ni mimi," alisema. "Andika tu, tumalize."

Soudjay alijua mtu mwenye hatia anavyokiri. Hutafuta kwanza pa kujificha, kisha hutoa visingizio, kisha hulia. Huyu alikuwa anakikimbilia kifo ili asiulizwe swali moja. Kuna jambo linalomtisha kuliko risasi za askari, Soudjay aliwaza, na hilo jambo limo humu ndani.

Akainama. Alifanya kama alivyofanya siku zote: alianzia mlangoni akafuata ukuta, akitazama sakafu kwa utaratibu, akisogeza kila kitu na kukirudisha. Chini ya dirisha aliona msafara wa sisimizi. Aliufuata mpaka nyuma ya kinu, pembe ya kaskazini mashariki. Pale sakafuni palikuwa na doa la kahawia, linanata, na sisimizi walikuwa wamejazana juu yake mpaka linaonekana linatembea. Wengine walikuwa wakitoka, wazima, matumbo yamevimba. Hakukuwa na aliyekufa hata mmoja.

Alichovya ncha ya kidole, akanusa. Sukari iliyoungua. Zabibu kavu. Kilevi.  Alikifuta kidole kwa leso, akakiosha, akakiosha tena, nusu kwa ajili ya dini na nusu kwa ajili ya tangena.

Pembe ya kaskazini mashariki. Soudjay alikulia Mahajanga ukuta kwa ukuta na Wasakalava. Alijua kwamba katika nyumba yao pembe ile ni ya wazee waliotangulia, na kwamba kinywaji hakifunguliwi mpaka wao wapewe tone la kwanza.

"Uliwamwagia wazee wa mama yako," alisema.

Boinali alitoa sauti kama aliyepigwa teke. "Usimwambie baba yake Zalifa! Nakuomba kwa jina la Mungu! Mzee yule ni mwadhini. Alikataa kunioza mpaka nikaapa msikitini kwamba mambo ya mama nimeyaacha. Sinywi, wallahi sinywi. Lakini kila chupa inayofunguliwa mkononi mwangu, mkono wenyewe unakwenda pale. Mama alinifundisha kabla sijajua kusali."

"Na ulikuwa tayari kufa kwa siri hiyo?"

"Kichwa ni changu. Aibu ingekuwa ya Zalifa. Baba yake angemrudisha nyumbani na wanangu."

"Punguani wewe!" Soudjay alimfokea. "Aibu yako ndiyo iliyokuokoa. Tone la kwanza lilitoka katika chupa ile ile, kabla ya bilauri. Sisimizi wanalila tangu juzi, wazima. Chupa ni safi. Sumu ilikuwa katika bilauri."

Alipanda barazani kumwambia Kamishna. Kamishna alimsikiliza huku akijipepea kwa kofia.

"Sisimizi hawali kiapo mahakamani," alisema. "Na kama ni bilauri, basi ni bilauri. Nani aliyebeba sinia? Huyo huyo Boinali. Umenirudisha nilipokuwa. Muhuri usiguswe, unasikia? Ukiguswa, na wewe utasafiri naye na pingu."

Soudjay alisikia vizuri sana. Alishuka ngazi, akaelekea kiwandani.

Bwana Vasseur alikuwa kiwandani, kati ya mitungi ya shaba, harufu ya langilangi imejaa mpaka inakaba. Alikuwa mtu mwembamba, safi, kucha zimekatwa vizuri. Kazi yake ilikuwa kunusa. Mafuta yakitoka mtamboni yeye ndiye aliyesema haya ni ya daraja la kwanza, haya ni ya sabuni.

"Bilauri ya kuonjea niliitayarisha mimi," alijibu bila kusita. "Kila mwaka ni mimi. Mtumishi angeiosha kwa sabuni, na sabuni inaua povu na kuacha harufu yake. Naisuuza kwa spiriti, naiacha ikauke yenyewe, siifuti hata kwa kitambaa. Kisha nikaiweka kwenye sinia, naye Boinali akachukua sinia. Baada ya hapo sijui."

"Na bia hii huonjwaje, Bwana Vasseur? Mimi ni Mwislamu, nisamehe ujinga wangu."

Uso wa mtu yule ulifunguka, kama fundi yeyote anayeulizwa kuhusu ufundi wake. Alieleza rangi, iwe kama shaba iliyozeeka. Alieleza harufu, jinsi inavyokuja ngazi kwa ngazi kadiri bia inavyopata joto mkononi. "Mvinyo unaweza kuutema. Mafuta unanusa tu. Bia hii lazima uimeze, kwa sababu uchungu wake unajulikana kooni. Asiyemeza hajaonja."

"Na ile chupa? Ulisikia kitu?"

"Harufu mbaya, chungu. Niliisikia nilipoisogelea. Chupa ile imejaa kifo, Brigadia. Ningekuwa wewe nisingekaa nayo chumba kimoja."

Madamu Odile alikuwa amejifungia chumbani tangu mazishi. Alikubali kuzungumza mlango ukiwa nusu wazi. Hakuwa amekula, alikuwa akinywa maji ya dafu alilolipasua mwenyewe. Ndiyo, mumewe na Vasseur walikuwa wamegombana. Gaudry alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba pua ya Vasseur imekufa, kwamba mafuta mabaya yanapita mbele yake naye anayaita mazuri. Alikuwa ameagiza mtu mwingine kutoka Ufaransa, anakuja na meli ya mwezi ujao.

"Lakini hayo ni maneno ya hasira," alisema, akitazama nyuma ya bega la Soudjay. "Vasseur ni rafiki yetu. Ni Boinali. Lazima awe Boinali, kwa sababu kama siye..." Hakumaliza. Akaufunga mlango.

Soudjay alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha paa. Jua lilikuwa bado juu. Angeweza kumnywesha kuku ile bia, na kuku angeishi, lakini kuku mzima angemsafisha nani? Wangesema Boinali aliitia sumu bilauri njiani. Alihitaji kitu kingine. Alihitaji kujua nani katika nyumba hii anajua kwamba chupa ni safi. Boinali hakujua, hata alipoambiwa ni safi alikuwa bado anatetemeka. Madamu hakujua, anaogopa hata maji ya nyumba yake. Aliyeweka sumu katika bilauri, huyo peke yake hana sababu ya kuiogopa chupa. Anaweza kujifanya anaiogopa. Swali ni kama anaweza kujifanya mpaka mwisho.

Na kama sisimizi wale wamemdanganya? Tangena inaua watu. Nani aliyesema lazima iue sisimizi?  Akatuma mtu amwite Kamishna aliyekwenda kupumzika, akijua atachelewa, kisha akawakusanya watatu wale sebuleni.

Aliitoa chupa kabatini. Aliiweka mezani karibu na bilauri tatu ndogo. Akachukua kisu na kuukata muhuri. Lakiri ilianguka mezani vipande vipande, na hapo alijua kwamba kazi yake, na huenda uhuru wake, vimeanguka nayo.

"Ole wangu!" Boinali alipiga kelele. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Madamu, usisogee! Usiinuse!"

"Hakuna atakayekunywa," Soudjay alisema kwa Kifaransa, polepole. "Nawakataza. Bwana Vasseur anasema chupa hii ina harufu chungu. Nataka harufu hiyo itajwe, niiandike. Nuseni tu, kisha mwiweke chini."

Alimimina. Bia ilishuka nzito, rangi ya shaba iliyozeeka. Madamu Odile aliishika bilauri kwa ncha za vidole, akaiweka mbali na uso wake kwa urefu wa mkono, akageuza kichwa. Pumzi zilikuwa zikimtoka kwa shida. "Molasi," alisema. "Nasikia molasi tu. Iondoeni, tafadhali."

Soudjay aliandika. Akanusa ya kwake kwa mbali. "Mimi pia. Molasi. Bwana Vasseur, wewe usisumbuke. Marehemu aliwaambia watu kwamba pua yako siku hizi... Basi, hayo yameshapita. Niandike molasi?"

Vasseur alikuwa ameshika bilauri mezani, hajaiinua. Uso ulimwiva. "Molasi!" alisema. "Mnaandika molasi!"

Akaiinua. Aliikumbatia kwa viganja viwili, akaizungusha, akafumba macho, akavuta pumzi.  "Zabibu kavu kwanza," alisema. "Kisha ganda la chungwa. Ganda la mkate uliokaribia kuungua. Nyuma yake ngozi, ngozi ya tandiko la farasi. Na kilevi kinapanda mwishoni, kina joto lakini hakichomi. Hii imekaa miaka kumi ardhini na bado imesimama. Molasi! Gaudry mwenyewe asingethubutu kusema upuuzi huo."

"Na uchungu?" Soudjay aliuliza. 

"Uchungu hausemwi kwa pua."

Akanywa.

Soudjay alinyoosha mkono. Hakuwa amekusudia mambo yafike hapo. Alitaka kuona nani haogopi, hakutaka mtu ameze. Mkono ulichelewa. Aliliona koo la Vasseur likipanda na kushuka. Yaa Rabi, nimemuua mzungu, aliwaza.

"Mwepesi," Vasseur alisema, macho bado yamefumbwa. "Safi, unakaa nyuma ya ulimi kisha unaondoka. Uchungu ulivyopaswa kuwa. Hauna kasoro."

Akafumbua macho. Aliwaona wote watatu wanavyomtazama. Boinali alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake yenye pingu. Vasseur akaitazama bilauri mkononi mwake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa.

"Nilisahau," alisema.

"Mtu husahau mwavuli," Soudjay alijibu. "Leo umeniambia chupa hii imejaa kifo."

"Nilisahau! Ni mazoea ya kazi. Na wewe ni nani? Nani atakayekusikiliza? Brigadia mweusi na mtumishi mwenye pingu?" Aligeuka. "Odile, mwambie. Mwambie nilisahau."

Kwamba hakuna atakayewasikiliza ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomtisha Soudjay zaidi ya yote. Neno lake na la Boinali kwa pamoja halikuwa na uzito mbele ya hakimu wa Mahajanga. Kulikuwa na shahidi mmoja tu wa kuaminiwa katika chumba kile, naye alikuwa mwanamke aliyekuwa akipasua madafu yake mwenyewe kwa hofu. Madamu Odile alikuwa mweupe kama shuka. Alimtazama Vasseur muda mrefu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nje, viatu vya Kamishna vilianza kupanda ngazi.

Alisogea mezani.  Akaichukua bilauri yake, ile aliyoomba iondolewe, akaimeza yote mpaka tone la mwisho, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Madamu!" Boinali alilia.

Mlango ulifunguliwa. Kamishna aliona chupa, aliona lakiri iliyovunjika, na shingo yake ikazidi wekundu. "Nani aliyekata muhuri wangu?"

"Mimi," Soudjay alisema.

"Na nani aliyekunywa?"

Madamu Odile aliiweka bilauri tupu mezani kwa mikono miwili. "Mimi," alisema, "kwa sababu nilimwona Vasseur akinywa na hakuogopa. Yeye alikunywa kabla yangu. Muulize alijuaje kwamba chupa ni safi."